Niliegeshe wapi gari la marehemu baba hapa Malindi?

Mwana wa Muyeye anauliza:

Assalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu. Marehemu baba yangu aliniachia gari aina ya Peugeot 404 la mwaka 1970, saluni yenye gia kwenye usukani, rangi ya maziwa, na hadi leo limevaa namba zake za zamani zenye herufi tatu na tarakimu zake bila ya herufi ya mwisho. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikilifufua kidogo kidogo, mshahara baada ya mshahara: sakafu imekatwa na kuchomelewa upya, bampa zimepelekwa Mombasa kung'arishwa, na raba ya kioo cha mbele niliingojea miezi minane hata ikapatikana. Wapenzi wa magari wanajua kwamba 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1963, kisha ikashinda mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Kwangu mimi uzito wake ni mwingine, kwani ndani ya gari hili ndimo mama alimoletwa nyumbani siku ya arusi yake.

Sasa linatembea, wala sikulifufua ili nilifungie bandani. Nataka niende nalo benki kwenye Barabara ya Lamu, nilipeleke sokoni Mji wa Kale, na jioni niwapeleke watoto ufukweni kama baba alivyotupeleka sisi. Lakini katika miezi miwili ya kwanza limenipa majonzi matatu. Kwanza, nilitoka dukani nikakuta mlango wa kushoto umebonyea, na aliyeubonyeza amekwishaondoka. Pili, nililiacha karibu na gati, nikarudi nikawakuta vijana wawili wamekaa juu ya boneti wakipigana picha, na chuma cha mshipi wa mmoja wao kimeacha mkwaruzo wa urefu wa kidole. Tatu, nililiegesha chini ya mkungu tangu asubuhi hadi alasiri, na vinyesi vya kunguru vimeacha madoa ambayo hayajatoka hata baada ya kuoshwa mara nne.

Bima niliyo nayo ni ya mtu wa tatu tu, kwa hiyo kila dhara ni langu mwenyewe. Naomba kujuzwa na wenye uzoefu: niliegeshe wapi na kwa namna gani? Je, turubai linasaidia? Tena, Maulidi yakiwadia ninakusudia kwenda Lamu nalo, na itanibidi niliache Mokowe, upande wa bara, kwa siku nne. Jambo hilo linaninyima usingizi kuliko yote.

Fundi wa Barani anajibu:

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Nimenyoosha mabati ya magari mjini humu kwa zaidi ya miaka 30, na nakuambia kwamba mlango uliobonyea ndio mdogo kabisa katika hayo uliyoyataja. Mlango hunyooshwa. Gari la zamani la Pwani huuliwa na hewa, na huuliwa taratibu, mwenyewe akilitazama na kulisifu.

Pepo zetu zote mbili kubwa hutoka baharini. Kusi huvuma kwa nguvu tangu mwezi wa tano hadi wa tisa, na kaskazi hufuata baadaye kwa upole zaidi, lakini zote hubeba umande wa chumvi unaorushwa na mawimbi. Chumvi hiyo ni nzito zaidi katika mita mia chache za mwanzo kutoka majini, kisha hupungua kila unapoingia bara. Basi unapoegesha, jambo la kwanza la kujiuliza ni hili: je, kuna jengo kati ya gari langu na bahari? Kwenye Barabara ya Lamu tafuta upande ambao maduka yanakukinga na upepo, hata kama itakubidi utembee kidogo. Ufukweni usikae zaidi ya saa moja, na ukirudi nyumbani oshea sehemu za chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo: matao ya magurudumu, kingo za chini ya milango, na ndani ya mabawa ya mbele nyuma ya taa, kwani hapo ndipo 404 inapoanza kuoza. Tumia maji ya bomba yanayotoka Baricho. Maji ya visima vya karibu na pwani yana chumvi, na vijana wengi waosha magari huyatumia hayo pamoja na sabuni ya unga inayoondoa nta yote juu ya rangi, kisha mwenye gari hulipa na kushukuru.

Sasa nije kwenye miti, maana wengi hukimbilia kivuli bila kutazama juu. Mnazi usiukaribie kabisa: nazi moja ikianguka juu ya paa, paa lile halirudi tena kuwa lilivyokuwa. Mwembe hudondosha utomvu unaochoma rangi. Mkungu uliokupata wewe una matatizo mawili, kwani mchana hukaa kunguru na usiku huja popo wakala matunda na kuyaangusha. Mvinje watu huuona kuwa salama, lakini vijani vyake vyembamba kama sindano huingia katika matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, huziba njia ya maji, na mvua ya kwanza ya masika hubaki humo wiki nzima. Nimefungua magari mawili matatu ya namna hiyo, na chuma cha ndani nilikitoa kwa mkono mtupu kama maganda. Kivuli cha ukuta ni bora kuliko kivuli cha mti. Asubuhi ukuta ulio upande wa mashariki wa gari hukupa kivuli na kinga ya upepo kwa pamoja.

Madoa ya kunguru yana sababu yake. Jua linapopiga, rangi hulainika na kutanuka. Jioni inapopoa husinyaa na kulishika umbo la kinyesi kilichokwisha kauka juu yake, na ukali wa kinyesi chenyewe huila. Rangi ya zamani haina tabaka la vanishi juu yake kama magari ya leo, kwa hiyo hupigwa moja kwa moja. Weka ndani ya gari chupa ya maji na kitambaa cha pamba. Ukikuta kinyesi, tandaza kitambaa kilicholowa juu yake kwa dakika kumi hata kilainike, halafu kiinue. Usisugue kikiwa kikavu. Madoa uliyo nayo sasa yataondoka kwa kung'arisha taratibu, lakini rangi ikishafikia unene wa karatasi hakuna tena cha kung'arisha, kwa hiyo usimkabidhi kila mtu.

Bi Mkubwa wa Mambrui anajibu:

Mwanangu, Mungu amrehemu baba yako. Mume wangu alikuwa na Volkswagen ndogo kwa miaka mingi, na aliiegesha mahali pamoja tu kila alipokwenda Malindi: mbele ya baraza ya wazee, karibu na sokoni. Alikuwa akiteremka, anawaamkia mmoja mmoja, anawaambia anakwenda wapi na atarudi saa ngapi, ndipo anaondoka. Gari lile halikuguswa hata siku moja, wala hakumlipa mtu kulilinda, ingawa wakati wa embe alikuwa akiwapelekea kapu.

Kuhusu watoto, usiwafukuze kwa ukali. Mtoto akifukuzwa atarudi ukiondoka. Waite, wafungulie mlango, wakae ndani dakika mbili na waushike usukani, kisha waeleze kuwa boneti haikaliwi kwa sababu bati huingia ndani. Mume wangu alifanya hivyo, na baadaye wao wenyewe ndio waliokuwa wakiwakataza wenzao.

Mkaazi wa Casuarina anajibu:

Nakubaliana na Bi Mkubwa, lakini sielewi kwa nini hakuna aliyekujibu kuhusu turubai. Mimi nina Land Rover ya zamani, na kila ninapoiacha nje huifunika turubai zito na kulifunga kwa kamba. Haliguswi na jua, haliguswi na kunguru, na mpita njia hajui kilichomo. Kwa maoni yangu gari lisiloonekana ndilo lililo salama, na kwa safari ya Mokowe nisingefikiria njia nyingine.

Fundi wa Barani anajibu:

Ndugu wa Casuarina, kwa heshima, hapa tunatofautiana, na Land Rover si mfano mzuri, kwa sababu mwili wake mwingi ni wa aluminiamu nao hauli kutu kama chuma cha 404. Turubai lililofungwa juu ya gari hadharani hufanya mambo mawili mabaya. Upepo hulitikisa, na mchanga ulio chini yake husugua rangi kama msasa. Tazama pembe za mabawa ya gari lolote lililofunikwa nje msimu mzima wa kusi. La pili ni kwamba usiku unyevu hupanda kutoka ardhini, na asubuhi jua linapochomoza mvuke ule hauna pa kutokea, kwa hiyo gari huchemka ndani ya chumvi yake lenyewe. Kitambaa chepesi cha pamba ndani ya banda kavu, hicho nakikubali. Turubai la nailoni mbele ya bahari, silikubali hata kwa usiku mmoja.

Na gari lililofunikwa haliwi siri. Huwa ni kitu kilichofunikwa, na kila anayepita hutaka kuinua ncha atazame.

Mwana wa Muyeye anajibu:

Nawashukuru sana. Fundi, nimekwenda kuchungulia chini ya kioo cha mbele na nimetoa viganja viwili vya vijani vya mvinje, ingawa sikumbuki kuliegesha chini ya mvinje zaidi ya mara tatu. Bi Mkubwa, ipo baraza ya wazee nyuma ya soko ambako baba alikuwa akinywa kahawa. Kwa kweli niliona haya kwenda, kwa kuwa tangu azikwe sijawahi kuwaamkia. Nitakwenda. Lililobaki ni Mokowe.

Mzaliwa wa Mokowe anajibu:

Ndugu yangu, kila anayekwenda Lamu kwa gari huliacha gari lake upande wetu wa bara, kwa sababu mashua haivushi magari na vichochoro vya mji ule ni vya watu na punda. Wakati wa Maulidi magari huwa mengi mno karibu na gati. Fika mapema, siku moja kabla ya wengine ikiwezekana, kwani anayekuja mwisho husukumwa ukingoni kabisa, palipo na upepo na maji ya chumvi, na magari yanayogeuza hupita yakigusana.

Usiegeshe gatini. Rudi nyuma upande wa kijiji, tafuta nyumba yenye ua na uzungumze na mwenye nyumba uso kwa uso. Mkubaliane malipo ya siku zote nne kabla ya kuzima gari, na umwachie namba yako ya simu. Utalipa zaidi kuliko gatini, lakini utalala. Ufunguo usimwachie mtu, hata akikuambia kuwa huenda akahitaji kulisogeza: egesha tangu mwanzo mahali ambapo halitahitaji kusogezwa, pua ikielekea njia ya kutokea.

Kabla ya kuondoka fanya haya niliyofundishwa na babu yangu, aliyekuwa dereva wa lori. Usivute breki ya mkono, maana kwa siku nne katika hewa ya chumvi viatu vya breki vinaweza kugandana na ngoma. Liingize gia ya kwanza na uweke jiwe au kipande cha ubao mbele na nyuma ya gurudumu. Jaza tangi la mafuta huko Malindi au njiani ili unyevu usipate nafasi ya kuingia ndani yake. Fungua waya mmoja wa betri. Kisha inua kifuniko cha distribyuta, itoe ile rota ndogo ya ndani, uifunge kwenye leso na uende nayo Lamu mfukoni. Bila ya kipande hicho injini haitawaka kwa fundi yeyote duniani, na mwizi hatembei na rota ya 404. Wewe mwenyewe beba ya akiba, kwani ukiidondosha baharini ukiwa ndani ya mashua hutaipata nyingine kuanzia Lamu hadi Malindi.

Jambo hili la vipuri ndilo linalonifanya niandike kwa urefu. Nchi yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na Ufaransa iliacha kuitengeneza saluni ya 404 mwaka 1975. Hilo ulilo nalo likipotea, huwezi kuagiza jingine bandarini kama watu wanavyoagiza magari ya leo.

Mwana wa Muyeye anajibu:

Nimerudi Lamu jana, na nimeona ni haki niwaeleze. Nilifika Mokowe siku mbili kabla ya shughuli kubwa, nikapata ua wa bibi mmoja anayefuga mbuzi, na tukakubaliana bei. Alinitaka jambo moja tu, nimweleze gari lilikuwa la nani, nami nikamweleza. Rota nilikwenda nayo katika mfuko wa kanzu hadi msikitini, na kila niliposujudu niliushika mfuko kwanza. Niliporudi niliirudisha mahali pake, nikafunga waya wa betri, na injini ikawaka kwa mara ya pili kuizungusha. Vumbi lilikuwa jingi, na juu ya vumbi la boneti palikuwa na alama za miguu ya paka, lakini hapakuwa na mkwaruzo.

Leo asubuhi nimeliosha chini kwa maji ya bomba, kisha nikaenda barazani. Wazee wawili walilitambua gari kabla ya kunitambua mimi. Wameniambia baba alikuwa akiliegesha ubavuni mwa ukuta wa mashariki, pua ikitazama barabara, na hapo ndipo lilipo sasa hivi ninapoandika.