Mdogo wangu ana divisheni 2 ya PCB: tufuate chuo cha namba moja au tuangalie mfuko?

Mizani wa Kibaigwa

Wakuu, habari za humu ndani. Mimi ni mkazi wa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, kazi yangu ni kupima magunia pale soko la mahindi. Mzee alishatangulia, kwa hiyo mambo ya shule ya mdogo wangu wa kike tunasaidiana mimi na mama. Mwaka huu kamaliza kidato cha sita, PCB, katoka na divisheni 2 ya pointi 10: Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama tunaozesha.

Balaa likaanza jioni. Binamu yetu wa Dar akarusha kwenye grupu la ukoo orodha ya vyuo bora, ya Webometrics, UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ikiwa juu, na maneno yake chini: "Asiende popote zaidi ya namba mbili, atapotea." Tangu siku hiyo binti halali. Yeye anataka udaktari. Mama anataka UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa sababu ni basi moja tu, akiugua unamfuata na kurudi siku hiyo hiyo. Mimi nabaki na hesabu. Nasikia ada ni kama milioni moja na laki tatu. Nikiigeuza kuwa mahindi, kwa gunia la 60,000 nililopima wiki hii, ni gunia 22 kwa mwaka mmoja. Shamba letu likikubali vizuri linatoa 30, na humo humo ndimo tunamokula.

Kwa hiyo nauliza waliopita huko. Hiyo namba ya chuo inapima nini hasa? Kwa pointi 10 anaingia udaktari chuo cha serikali? Na ukiacha ada, hela inakwenda wapi nyingine? Msinifiche.

Kijana wa Area C

Mkuu, aende Dar, siku hizi kuna treni ya SGR, 31,000 daraja la kawaida anafika Dodoma. Umbali siyo hoja tena.

Mizani wa Kibaigwa

Treni haipiti Kibaigwa kaka, imezungukia huko Gulwe. Sisi bado ni watu wa basi.

Nesi wa Makulu

Kaka Mizani, mpe hongera huyo binti. Mimi nilisoma uuguzi UDOM, sasa nafanya kazi hapa hapa Dodoma, na kila mwaka msimu huu wadogo zangu wa ukoo wananijazia simu. Nianze na pointi maana naona zitakuchanganya.

Pointi 10 za baraza la mitihani ni zile za kuhesabu divisheni, ambapo A ni 1 na namba ndogo ndiyo nzuri. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hesabu yao mdogo wako ana 3 na 3 na 2, jumla 8. Udaktari wa binadamu kigezo cha chini ni pointi 6, na asishuke chini ya D kwenye Fizikia, Kemia wala Baiolojia. Kwa hiyo sifa anayo. Lakini hiyo ni ruhusa ya kuomba, siyo ahadi ya kupata. Nafasi ni chache na wanaoomba wana A na B zao, hasa Muhimbili (MUHAS). Akiomba udaktari peke yake vyuo vyote, anaweza kubaki nyumbani na divisheni 2 yake nzuri. Aweke udaktari mwanzo, chini yake aweke uuguzi, maabara, afya ya mazingira, vitu ambavyo hata akipangiwa hatalia.

Sasa hiyo orodha ya binamu. Webometrics inatengenezwa Hispania, na nusu nzima ya alama inatokana na tovuti nyingine ngapi zinaelekeza kwenye tovuti ya chuo. Asilimia 40 ni machapisho ya utafiti yanayonukuliwa sana duniani, 10 inayobaki ni watafiti wanaotajwa tajwa. Wale wa Times Higher Education nao, wenye orodha nyingine ya vyuo, ili chuo kipewe namba kamili, kinatakiwa kiwe na machapisho yasiyopungua 1,000 ndani ya miaka mitano. Siyo vitu vya kubeza. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuja kuhesabu darasani mnashikaje hadubini moja watu sita. UDSM ipo tangu 1961, UDOM imeanza 2007. Kwa machapisho watakutana lini? Na MUHAS ni chuo cha afya tu, hakifundishi sheria wala biashara, sasa unakipangaje foleni moja na chuo chenye kila kitu? Kwa mtu wa afya mimi ningeuliza hospitali ya kujifunzia iko wapi. Muhimbili wako ndani ya hospitali ya taifa. UDOM wana Benjamin Mkapa pale pale jirani. Huko ndiko utakakojua mtoto atashika wagonjwa au atasoma picha.

Gharama: ada ya kozi nyingi za vyuo vya serikali inacheza milioni moja hadi moja na nusu, za afya zinapanda juu zaidi. Ongeza bima ya NHIF 50,400 na ile 20,000 ya TCU kila mwaka. Hayo yameandikwa, utayaona. Usichokiona ni wiki za mwanzo. Mimi niliripoti na ndoo, godoro, sufuria moja na laki moja na nusu. Bumu la kwanza, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likachelewa. Dodoma mwezi huo jua linakuchoma mpaka ubongo, vumbi limekaa hata kwenye daftari, na mimi nakunywa uji jioni tu, mchana nikijifanya nafunga. Dada mmoja wa Singida tuliyelala naye chumba kimoja alikuja na dumu la mafuta ya alizeti na kiroba cha unga. Yule ndiye aliyekuwa tajiri wetu, siyo waliokuja na simu kubwa. Kwa hiyo kaka, gunia mbili zisiuzwe. Zisage, ziende naye.

Mlimani Daima

Dada Nesi umesema vizuri lakini tusidanganyane, jina la chuo lina uzito. Mimi nimesoma Mlimani, hiyo hiyo UDSM, na mpaka leo watu niliokaa nao kwenye maktaba ile ndio wananipa taarifa za kazi. Halafu Dar ukikwama kuna vibarua. Dodoma ukikwama unaangalia mlima.

Nesi wa Makulu

Sijakataa kaka. Ila wa afya wengi wanasubiri ajira za serikali, na Sekretarieti ya Ajira wanaleta mtihani mmoja kwa wote. Kila usaili ukiitwa Dodoma naona waliosoma Mlimani wanashuka na mabegi kuulizia UDOM iko wapi. Namba ya Webometrics haipunguzi swali hata moja. Na chumba cha kupanga Dar ukikosa hosteli, hebu mwambie Mizani ni gunia ngapi.

Mlimani Daima

Hapo kwenye chumba nakaa kimya.

Bwana Shamba Bahi

Mdogo wangu Mizani, mbona mnapita Morogoro kama haipo? Ukisimama barabarani hapo Kibaigwa, basi la upande mmoja linakupeleka Dodoma, la upande wa pili linakushusha Morogoro, na SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ipo pale tangu 1984. Mwenye PCB anaweza kuomba udaktari wa mifugo. Miaka mitano kama ule mwingine. Watu wanaucheka, eti daktari wa ng'ombe. Nami nawaambia waje huku Bahi na Chamwino wahesabu ng'ombe, halafu wahesabu madaktari wao. Juzi mfugaji mmoja amenipigia saa nane usiku, ndama amekwama, mimi ni mtu wa mazao, nimeishia kumshikia tochi.

Asiombe kwa sababu yangu. Ila aiweke.

Mizani wa Kibaigwa

Nimewasoma wote, na binti nimempa simu asome mwenyewe. Hapo kwa ndama alicheka kwanza, halafu akanyamaza muda mrefu. Swali la mwisho: mkopo unaombwa baada ya kupata chuo au kabla? Na steshenari hapa stendi kuna kijana anajaza kila kitu kwa elfu 15, nimwachie?

Nesi wa Makulu

Kabla! Usisubiri majina ya vyuo. Bodi ya Mikopo ina dirisha lake na mfumo wake, OLAMS. Cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na kwa kuwa mzee hayupo, cheti cha kifo nacho kihakikiwe huko huko. Angalia majina herufi kwa herufi. Fomu ikishachapwa inapita kwa serikali ya kijiji na kwa hakimu au wakili, ndipo inapandishwa. Akipata, chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, wanalipa kwa awamu. Na ajue ni deni, siku akiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara.

Steshenari mwende, lakini mkae pembeni yake mkiangalia kioo. Mwaka wangu yule kaka alijaza namba yake ya simu kwenye maombi yangu. Nikachaguliwa vyuo viwili, ile namba ya siri ya kuthibitisha chuo nilichochagua ikaenda kwenye simu yake, naye amesafiri msibani. Nilimpata siku ya mwisho, saa kumi jioni, akanisomea tarakimu kwa sauti ya mtu aliyekuwa analia. Nililia naye. Namba iwe ya binti, na laini iwe imesajiliwa kwa jina lake.

Mizani wa Kibaigwa

Nimekagua vyeti usiku huu. Cha kuzaliwa jina la baba lina H, cha kifo halina. Kesho asubuhi naenda Kongwa kuulizia. Anaomba vyuo vitatu: MUHAS, UDOM, SUA, na SUA kaiweka yeye mwenyewe bila kuambiwa. Binamu kaniuliza namba ya SUA kwenye orodha, sijamjibu. Gunia mbili nimezitenga nyuma ya mlango, mama kaandika jina la binti juu yake kwa mkaa.