Punda anatoa funza puani na anakohoa, naomba ushauri wa haraka

Kijana wa Mbande: Wakuu, habari za jioni. Nina punda dume anayenivutia mkokoteni wa maji huku Mbande. Kwa siku kadhaa kamasi nzito zinamtoka pua zote mbili, leo zimekuja na damu. Anapiga chafya, anatikisa kichwa, anasugua pua kwenye gurudumu. Asubuhi kapiga chafya wakadondoka funza, wanene, wa manjano, wazima kabisa. Sasa anakohoa na pumzi inakoroma. Atapona mwenyewe au nimuuze kabla hajakonda? Nyumba nzima inamtegemea yeye.

Bi Mkubwa Tandika: Pole baba. Ila na nyinyi mnazidisha. Madumu yamepangwa mpaka juu, jua la saa nane, na fimbo juu yake. Watu wa punda afe mzigo ufike ndio nyinyi. Mnyama hawezi kusema kuwa anaumwa.

Mrangi Halisi: Kwetu Kondoa jioni babu alikuwa anachoma kinyesi cha ng'ombe mlangoni mwa zizi, moshi unafukuza nzi. Kulikuwa na jike moja jeusi, ukilifungia mzigo linakwenda mnadani peke yake, unalikuta limesimama palepale penye mti. Lilikufa nikiwa darasa la sita, babu hakula siku hiyo.

Daktari wa Ng'ombe: Mkuu, hao ni mabuu ya nzi wa puani, kitaalamu Rhinoestrus. Nzi jike hatagi mayai. Anampitia punda hewani na kumrushia mabuu wadogo puani, wakati mwingine machoni. Wanatambaa ndani, wanajishika kwa vikulabu kwenye ngozi laini ya pua, wanaingia mapango ya mifupa ya uso, wengine wanashuka hadi kooni. Hapo ndipo kamasi, damu na shida ya kumeza zinapotoka. Wakikomaa wanatolewa kwa chafya, wanajifukia udongoni wageuke nzi. Kwa hiyo walioanguka usiwaache chini. Usichanganye na wale wa tumboni, ambao nzi wao hutaga mayai ya njano kwenye manyoya ya miguu.

Mwenye mabuu wachache mara nyingi anaendelea na kazi. Kinachonisumbua ni hiyo pumzi. Kukoroma kumeanza lini, na umempa nini?

Kijana wa Mbande: Juzi usiku. Dawa sijampa bado daktari.

Daktari wa Ng'ombe: Sijauliza dawa tu. Juzi mchana pua yake iliguswa na nini?

Fundi Bomba: Wakuu mnahangaika bure, hii chai. Punda wa Dar es Salaam ni yule aliyechorwa barabarani tuvukie. Picha hakuna, funza wazima, kesho ataweka namba ya kuchangiwa.

Mama Chamazi: Fundi, wewe unaishia Kariakoo. Huku kwetu bomba likikauka wanaokuja ni hao hao wa mikokoteni. Njoo uone.

Fundi Bomba: Aweke picha basi. Na kwa nini swali la daktari halijibu?

Kijana wa Mbande: Picha hiyo hapo, nimewatia kwenye kopo la asali. Siombi hela ya mtu. Na swali najibu: juzi nilimmiminia mafuta ya taa puani, kidogo tu, kizibo cha soda kila tundu. Mzee mmoja anayejua mifugo kuliko wengi humu ndiye aliyenielekeza, na funza si wametoka? Kaniambia leo nirudie ili waishe. Daktari wa kumwita ni hela, mafuta ya taa ninayo ndani.

Daktari wa Ng'ombe: Usirudie! Mafuta yakiteleza kuingia mapafuni yanayaunguza na kuleta nimonia. Hiyo ndiyo inaua punda, haraka kuliko mabuu. Walioanguka walikuwa wamekomaa, wangeanguka tu. Aliyebaki ndani kabisa mafuta hayamfikii.

Mfungue mkokoteni, akae kivulini, umwekee maji anywe mwenyewe, usimmiminie chochote mdomoni. Daktari wa mifugo wa kata amsikilize mapafu leo, si kesho. Mabuu yanatibiwa kwa ivermektini ya kumezesha, miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Punda wa kilo 150 ni miligramu 30, ila aamue yeye baada ya kuona mapafu. Ile ya sindano ya ng'ombe wakikuuzia dukani, kataa. Hao wa kopo watie spiriti, wapeleke maabara ya veterinari Temeke.

Na kijana anayemwongoza akihisi kama mchanga umemwingia jichoni ghafla, aende hospitali. Nzi huyu hurushia hata macho ya watu.

Bi Mkubwa Tandika: Na kumuuza bila kumwambia mnunuzi ni dhulma, ujue.

Kijana wa Mbande: Bi Mkubwa, mnunuzi wa Chanika ameshatoa nusu. Daktari, wa kata nimempigia, anakuja baada ya magharibi. Ila kuna mama nimemwahidi madumu ya msiba kesho alfajiri.

Mama Chamazi: Msiba wa wapi? Mume wangu ana guta, anapeleka. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa siri.

Daktari wa Ng'ombe: Akikataa maji kabla ya magharibi, au ufizi ukiwa wa bluu, mpigie tena huyo wa kata aje sasa hivi.