Meli ikikatisha safari, nani anawarudisha watu nyumbani?

Kutoka: Dallas

Habari za jioni wote, wakubwa shikamooni. Chama chetu kimeanza kulipia kruzi (safari ya matembezi ya meli) ya siku 7, kutoka Galveston, Texas, kwenda Cozumel (Meksiko), Roatán na Belize na kurudi, watu 14. Kuna raia wa Marekani, wenye grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), mwanafunzi mmoja wa F-1 (viza ya masomo), na mama wawili Wakongo wenye hati ya mkimbizi. Swali: meli ikiharibika au mtu akiugua katikati ya safari, anarudi vipi, na gharama ni ya nani?

Kutoka: Houston (wakala wa safari)

Marahaba. Dada wa Dallas, tenganisha hayo mawili, kwa sababu hayalipwi na mfuko mmoja.

Meli ikiharibika mitambo, kampuni nyingi kubwa ziko chini ya chama chao kiitwacho CLIA, na tangu Mei 2013 zina tamko la haki za abiria. Linasema: safari ikikatishwa kwa ubovu wa mitambo, urudishiwe sehemu ya nauli, upelekwe hadi bandari mliyopangiwa kushukia au mji wa kwenu, na mkilala bandari isiyo kwenye ratiba, wao ndio walipe malazi. Someni tena hilo neno *mitambo*. Kimbunga hakimo, ugonjwa haumo, na kurukwa kwa bandari moja si kukatishwa kwa safari. Meli ikiruka Belize kwa sababu ya mawimbi, mara nyingi mtarudishiwa ada ya bandari tu.

Tamko lile lilikuja baada ya mkasa wa meli ya Carnival Triumph, Februari 2013. Ilitoka Galveston kama yenu, moto ukawaka chumba cha injini, umeme ukakatika, ikavutwa siku kadhaa hadi Mobile, Alabama. Watu zaidi ya 4,000 walikuwemo. Nauli ilirudishwa, sawa, lakini kutoka Mobile hadi Galveston ni basi la saa 7 hadi 8, na magari ya watu yalikuwa yamewangoja kule kule walikoyaegesha. Hata kwetu Bahari ya Hindi yametokea: meli ya Costa Allegra, Februari 2012, ilitoka Madagaska ikawaka moto, ikavutwa na meli ya uvuvi ya Kifaransa hadi Mahé, Ushelisheli, na abiria wakarudi makwao kwa ndege. Kwa hiyo msifikirie bandari mliyotoka. Fikirieni bandari yoyote iliyo karibu na njia.

Siku ikitokea, fanyeni hivi kabla foleni ya kaunta haijafika kwenye ngazi:

Mmoja wenu aombe barua yenye nembo ya kampuni, iseme tarehe, saa na *sababu* ya kukatishwa. Kampuni ya bima haisomi magazeti, inasoma barua hiyo. Pigeni picha kila karatasi inayopitishwa chini ya mlango na kila ujumbe wa kwenye programu ya meli, maana ukishashuka programu huwa inafungika. Chapisheni hesabu yenu ya matumizi ya ndani ya meli.

Na msinunue tiketi za ndege kwa hasira. Ukikataa basi lao ukajinunulia ndege, kampuni itakwambia ilikupa usafiri ukaukataa, na bima itakuuliza hivyo hivyo.

Kutoka: Louisville (karani wa mambo ya uhamiaji)

Wandugu, kaka wa Houston ameongea vizuri habari ya pesa. Mimi naona hatari yenu iko kwenye makaratasi. Maadamu uko kwenye orodha ya meli, nchi nyingi zinakupokea kama abiria wa siku moja. Ukishushwa na meli ikaondoka bila wewe, unakuwa mgeni wa kawaida, unaulizwa viza yako.

Raia wa Marekani: kruzi inayoanza na kuishia bandari ile ile inakubali cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Ndege haikubali. Tangu Januari 2007 anayerudi Marekani kwa ndege lazima awe na pasipoti. Mwenye cheti akibaki Cozumel atahitaji pasipoti ya dharura, na Cozumel ni kisiwa. Ofisi kuu ya konsuli wa Marekani kwa eneo hilo iko Mérida, bara. Mkishushwa Ijumaa jioni mjue ofisi hizo kwa kawaida hazitoi pasipoti Jumamosi na Jumapili. Sijui kwa nini mawakala hawalisemi hili wakati wa kuuza. Wote 14 wabebe pasipoti.

Grinikadi: kadi yenyewe *pamoja na* pasipoti hai ya Kenya, Tanzania au kwingineko. Meksiko haimdai viza mkaazi wa kudumu wa Marekani. Lakini mtu akiwa na pasipoti ya kwao iliyokufa, kaunta ya ndege itakuwa na maswali.

Huyo wa F-1 ndiye mwangalieni sana. Wanafunzi huambiana kwamba viza ikiisha muda unaweza kwenda karibu kwa siku 30 na kurudi kwa I-94 (rekodi ya kuingia Marekani) na I-20 (fomu ya chuo) iliyosainiwa. Ni kweli kwa Kanada, Meksiko na, kwa wenye viza za F na J (za masomo na mabadilishano), visiwa vya jirani vilivyoorodheshwa kwenye kanuni. Belize na Honduras si visiwa hivyo. Roatán ni kisiwa, ndiyo, lakini ni kisiwa cha Honduras. Kwa njia yenu hii, kama viza iliyogongwa kwenye pasipoti yake imekwisha, asipande.

Mama wawili: hati yao ya kusafiria ya mkimbizi hudumu mwaka 1. Haitoshi iwe hai siku ya kuondoka. Iwe hai hata kama kurudi kutachelewa wiki tatu. Waandikieni balozi za Meksiko, Honduras na Belize, kila moja peke yake, waulize kama mwenye hati hiyo anahitaji viza, na jibu liwe la maandishi kabla ya malipo ya mwisho. Na kama kuna ambaye kesi yake ya grinikadi bado inasubiri na hana kibali cha kutoka nchini, huyo abaki nyumbani. Akitoka, ombi lake huhesabiwa limeachwa.

Kutoka: Minneapolis (muuguzi)

Naongezea upande wa ugonjwa. Anayeamua mtu ashuke ni daktari wa meli, wala hamtajadiliana naye sana. Zahanati ya meli hutuliza tu, haina chumba cha upasuaji wa kweli. Bili inawekwa kwenye hesabu ya chumba na inakatwa kwenye kadi kabla hujashuka; ombeni nakala yenye mchanganuo na ripoti ya daktari kwa Kiingereza.

Wazee wenye Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani) wasijidanganye: inalipa zahanati ya meli kwa hali chache tu, na si meli ikiwa zaidi ya saa 6 kutoka bandari ya Marekani. Hospitali binafsi za bandarini hudai amana kwanza, kadi au fedha taslimu, ndipo mgonjwa alazwe. Ndege ya wagonjwa inaweza kupita dola 50,000, kwa hiyo kwenye bima ya safari angalieni mstari wa kuhamisha mgonjwa kabla ya mstari wa mabegi. Mwenye sukari au presha anunue bima mapema, mara nyingi ndani ya siku 14 hadi 21 baada ya malipo ya kwanza, la sivyo ugonjwa wa zamani unatolewa.

Mgonjwa akishushwa, mtu mmoja tu hupewa dakika chache kufungasha. Apangwe sasa, na ajue namba ya siri ya sefu ya chumbani, maana pasipoti ziko humo. Kama anayeshuka ni mama mwenye watoto, barua ya ruhusa ya kuwasimamia iwe imeshaandikwa kwa jina la atakayebaki nao.

Kurudi kwa ndege kuna masharti pia. Mwongozo wa Uingereza, ambao mashirika mengi yanakaribiana nao: baada ya upasuaji wa matundu madogo subiri siku 1 hadi 2 kabla ya kuruka, upasuaji rahisi wa tumbo siku 4 hadi 5, mgumu siku 10. Mguu wenye plasta mpya ya chini ya saa 48 hausafiri safari ndefu mpaka plasta ipasuliwe kwa urefu, kwa kuwa mguu huvimba angani. Shirika litadai fomu ya daktari. Msikate tiketi kabla ya tarehe aliyoiandika.

Kutoka: Leicester

Asalaam aleikum. Kwa wasomaji wa huku Uingereza: mkinunua kruzi kama kifurushi chenye usafiri wa kurudi, kanuni za vifurushi vya safari za 2018 zinambana mwandalizi. Hata tatizo likiwa la nje ya uwezo wake, analipa malazi hadi usiku 3. Kikomo hicho hakimhusu mjamzito, asiyetembea vizuri, mtoto asiye na mzazi, au mwenye mahitaji maalumu ya tiba, ila awe ameambiwa saa 48 kabla ya safari. Barua pepe inatosha, tumeni.

Lipeni kwa kadi ya mkopo, hata amana peke yake; kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya Uingereza kinalinda bei ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000. Na mwenye eVisa (kibali cha kidijitali cha kuishi Uingereza) aliyebadilisha pasipoti aingize namba mpya kwenye akaunti yake ya uhamiaji kabla ya kuondoka. Kuihangaikia akiwa kaunta ya uwanja wa Barcelona, simu ina chaji asilimia 4, haifai.

Kutoka: Dallas

Ahsanteni sana. Na magari matatu tutakayoacha Galveston?

Kutoka: Houston

Pigeni picha tiketi ya maegesho, na ulizeni siku ya ziada ni dola ngapi. Mkirudi mmechelewa kwa kosa la meli, risiti hiyo iambatanishwe na madai. Kila gari liwe na funguo ya pili kwa mtu aliyebaki mjini. Usiku wa mwisho mabegi hutolewa nje ya mlango na kuchukuliwa, hivyo funguo, dawa na pasipoti vilale kwenye mkoba wa mkononi.