Mifupa ya bata mzinga isitupwe

*Kikundi: UKOO WA BIBI MWANAIDI*

Zuhura, 06:48
Habari za asubuhi wote. Jana ilipendeza, ahsante sana Idi na wifi Salma kwa kutupokea. Sasa nina jambo, naomba lisomwe mpaka mwisho. MIFUPA YA BATA MZINGA ISITUPWE. Leo inapikwa supu. Kaka Hamisi tangu atoke hospitali hali kitu cha maana, na jana mlimwona, nyama aliizungusha tu kwenye sahani. Supu ataweza.

Zuhura, 06:50
La kwanza kabisa: mifupa iko wapi, na iliingia kwenye friji saa ngapi?

Zuhura, 07:21
Mmesoma. Nawaona.

Fadhili, 07:33
Shikamoo shangazi. Mimi nimeamka yule bata bado ananitembelea tumboni, anatafuta mlango 😂

Neema, 07:34
😂😂😂

Zuhura, 07:34
Marahaba. Fadhili, nimeuliza swali.

Fadhili, 07:36
Yule hakuwa bata, alikuwa ndama mwenye mabawa. Nani mwingine alimwona Baba Neema akipigana na lile paja?

Baba Neema, 07:41
Paja ndilo lililoanza.

Neema, 07:41
😂😂 Baba!

Zuhura, 07:43
Jamani, nisikilizeni. Nyama iliyopikwa haitakiwi kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2. Kati ya nyuzi joto 4 na 60 vijidudu vinazaana haraka, na vingine vinaacha sumu ambayo hata ukichemsha mpaka jioni haiondoki. Huyu tunayempikia ndiyo kwanza anapata nafuu. Mifupa iliyolala mezani mimi siipiki.

Mama Neema, 07:50
Da Zuhura, mbona sisi tumekula viporo miaka yote na tupo?

Zuhura, 07:52
Tupo, lakini ya kwa Mwajuma umeyasahau?

Mama Neema, 07:52
🤐

Salma, 08:15
Wifi samahani, nilikuwa namwogesha mtoto. Kidari na mgongo niliviweka kwenye friji mara tu mlipomaliza kula, kabla hata ya chai. Vipo kwenye beseni lenye mfuniko. Ila kuna sinia la mabawa na miguu, sijui nani alilifunika kwa kitambaa akaliacha dirishani. Nimelikuta asubuhi hii.

Zuhura, 08:16
La dirishani litupwe lote.

Mama Neema, 08:17
Mabawa?? Si ndiko uliko utamu?

Zuhura, 08:17
Ndiko uliko, ndiyo maana nasikitika. Yatupwe. Na mbwa asipewe. Mfupa ukishapikwa unakuwa mkavu, akiutafuna unapasuka vipande vyenye ncha, vinamkwama kooni au vinamtoboa utumbo.

Neema, 08:20
Mama mkubwa… Abdul alimpa Simba shingo jana usiku 🙈

Fadhili, 08:21
Simba naye mwanaukoo, apewe haki yake

Zuhura, 08:22
Fadhili acha. Salma, mwangalieni huyo mbwa. Akitapika, akigoma kula au akihangaika kwenda haja, apelekwe kwa daktari wa mifugo, msisubiri kesho.

Salma, 08:24
Yupo anacheza na mkia wake. Nitamwangalia.

Zuhura, 08:31
Haya. Salma, ukipata nafasi anza hivi. Toa ule mkate tuliomjaza tumboni, wote, ukibaki unaharibu mchuzi. Nyama iliyoshika mifupa ichambue kwa mkono, iweke pembeni, irudi kwenye friji. Itaingia mwishoni kabisa, ukiitia sasa itachemka mpaka iwe kama nyuzi za kamba. Kiunzi kivunje kwenye viungo kienee vizuri kwenye sufuria. Trei ya kuokea imeshaoshwa?

Salma, 08:33
Bado, nililoweka.

Zuhura, 08:33
Na sabuni?

Salma, 08:35
Na sabuni wifi.

Zuhura, 08:36
Pole yetu. Yale ya kahawia yaliyogandia chini ndiyo yenye ladha ya kuokwa, ungemwagia maji moto, ukwangue, utie kwenye supu. Basi. Ngozi iliyoiva vizuri tia kidogo, itasaidia.

Zuhura, 08:38
Sasa sufuria. Kiunzi kile hakiingii kwenye sufuria ya kawaida. Sufuria kubwa ya mama iko kwa nani?

Zuhura, 09:02
Nauliza tena. Sufuria kubwa.

Mama Neema, 09:05
Aulizwe aliyeondoka nayo siku ya harusi.

Asha, 09:06
Mimi nipo kimya tangu asubuhi, natajwa kwa lipi?

Mama Neema, 09:06
Nimemtaja nani? Nimesema aliyeondoka nayo.

Asha, 09:09
Tukianza kudaiana vyombo tutafika mbali. Kuna watu wana cherehani ya mama ndani mwao mwaka wa ngapi huu.

Mama Neema, 09:10
Cherehani nilipewa. Na aliyenipa yupo hai.

Asha, 09:10
Ulipewa kutumia. Kuchukua hukupewa.

Baba Neema, 09:12
Shemeji Asha, taratibu.

Fadhili, 09:13
Mimi nadai ndala zangu za mwaka juzi

Zuhura, 09:15
Jamani tunazungumzia SUPU. Salma, kama kiunzi umeshakivunja gawa kwenye sufuria 2 za kawaida, uanze. Maji ya baridi, yafunike mifupa na kupita juu kidogo tu. Maji yakiwa mengi utapata maji yaliyopitiwa na bata. Moto upandishe polepole, povu likija juu liengue kwa upawa. Likishakwisha ndipo utie kitunguu na maganda yake, yanatoa rangi nzuri, karoti, seleri kama ipo, punje za pilipili manga. Siki kijiko kimoja. Chumvi BADO.

Salma, 09:17
Sawa wifi. Moto wa namna gani?

Zuhura, 09:20
Mdogo. Itokote tu, kijipovu hapa, kijipovu pale. Ikichemka kwa fujo mafuta yanapigwapigwa yanachanganyika na maji, supu inakuwa na ukungu na ladha ya mafuta. Iachie kwa muda wa saa 3 mpaka 4 hivi. Ule mnato wa kwenye viungo na ngozi hautoki kwa haraka, unalainika taratibu mpaka unageuka jelatini. Ndiyo inayoifanya supu iwe nzito mdomoni bila kutia unga.

Bibi Mwanaidi, 09:41
🎤 Ujumbe wa sauti (1:12)

Fadhili, 09:43
Wenye bando waseme Bibi kasemaje

Neema, 09:52
Nimeuandika kama alivyosema:
«Nimesomewa yote. Sufuria ile imepika misiba na harusi za nyumba hii. Hamisi alipougua utotoni, watu walishakata tamaa, mchuzi wake ulitoka humo, na aliyekaa kuchochea moto usiku ni Asha, akiwa mtoto mdogo. Kwa hiyo sitaki kusikia Asha ameiba sufuria. Wala sitaki kusikia mtu ameiba cherehani. Sufuria iende kwa Salma leo. Cherehani tutaizungumza mkiwa mbele yangu, si kwenye simu. Zuhura, mpunguzie mke wa mwenzio maagizo, naye anajua kupika. Nimemaliza.»

Zuhura, 10:30
Sawa mama. Tumesikia.

Mama Neema, 10:34
Sawa mama.

Asha, 10:47
Sawa mama. Sufuria iko kwangu. Sikuirudisha kwa sababu mkono mmoja ulikatika nikataka kwanza ukaungwe. Bado haujaungwa. Sina usafiri wa kuileta.

Hamisi, 10:55
Mimi nipo humu humu jamani. Nasoma.

Fadhili, 10:55
😳

Neema, 10:56
Shikamoo mjomba! Unaendeleaje?

Hamisi, 10:58
Marahaba mama. Naendelea. Supu nitakunywa, ila iwe na pilipili. Asha, sikulijua hilo la moto.

Asha, 11:03
Zamani hizo kaka.

Zuhura, 11:05
Fadhili, una gari. Pitia kwa Asha uchukue sufuria.

Fadhili, 11:20
Gari lina mafuta ya kufika kwa Asha. Kwa Salma sijui 😂

Zuhura, 11:21
Fadhili.

Fadhili, 11:22
Naenda shangazi.

Baba Neema, 11:40
Kitu kimoja, sijui kama kina uzito. Yule bata nilimlaza kwenye maji ya chumvi usiku kucha kabla ya kuoka, ndiyo maana nyama haikukauka. Nadhani mifupa nayo itakuwa imekolea.

Zuhura, 11:42
Shemeji!! Kina uzito mkubwa. Hamisi si ameambiwa apunguze chumvi?

Baba Neema, 11:43
Ndiyo maana nimesema.

Salma, 11:50
Nimeonja. Ina chumvi ya kutosha na sijatia hata chembe.

Mama Neema, 11:51
Itiwe viazi, viazi vinanyonya chumvi.

Zuhura, 11:54
Viazi vinanyonya maji pamoja na chumvi yake, supu inayobaki ni ileile. Dawa ni kuongeza maji tu. Salma, usiiache ikauke sana, na ya Hamisi uje uizimue. Ladha ikipungua kamulia ndimu.

Kulthum, 12:38
Samahani wapendwa, ndiyo natoka zamu. Nimesoma kutoka juu. Mambo 2. Kuhusu chumvi, kuzimua hakutoshi kama mjomba atakunywa bakuli kubwa, chumvi iliyomo ataimaliza yote. Apate kikombe. La pili, na hili hakuna aliyeliuliza: je, hospitali walimpimia na maji ya kunywa kwa siku? Kuna wagonjwa wanapimiwa. Kama naye amepimiwa, supu inahesabiwa ndani ya kipimo chake kama maji. Mama Shani anayo karatasi ya daktari. Mama Shani, iangalie tafadhali.

Zuhura, 12:40
Ahsante mwanangu. Mama Shani?

Zuhura, 13:05
Mama Shani, upo?

Hamisi, 13:09
Amelala. Hakulala usiku.

Kulthum, 13:10
Mwache alale mjomba. Usinywe kwanza mpaka tuione karatasi. Na pilipili pia tuulize.

Hamisi, 13:11
Hata pilipili?

Fadhili, 13:30
Sufuria imefika. Mfuniko hauna. Asha anasema mfuniko hakuwahi kuuona.

Mama Neema, 13:31
Bibi kasema tunyamaze, nanyamaza.

Salma, 13:48
Nimehamishia yote kwenye ile kubwa, nimefunika kwa sinia. Inatokota. Mfupa wa kidari umeanza kuachia wenyewe, na harufu imejaa nyumba nzima, jirani kachungulia.

Zuhura, 13:52
🙏 Uliyofanya leo ni makubwa wifi. Nimesikia alivyosema mama, sitaongeza mengi. Ila hili la kupoza sitalinyamazia, usiingize sufuria ya moto kwenye friji. Katikati inabaki vuguvugu saa nyingi, na inavipasha moto vyakula vingine. Chuja, mifupa itupwe, supu igawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, vikae kwenye maji ya baridi yenye barafu, ukoroge. Ikishapoa, friji. Kesho mafuta yatakuwa yameganda juu, unayaondoa kama unavyobandua karatasi, ambayo kwa Hamisi ni vizuri zaidi. Ukiikuta imeganda kama jeli usishtuke, imefaulu.

Neema, 13:55
Inakaa siku ngapi?

Zuhura, 13:57
Kwenye friji siku 3 mpaka 4. Kwenye friza miezi 2 mpaka 3 ladha bado nzuri. Ukiipasha iache ichemke kabisa. Na tambi au wali upikwe kando, utiwe kwenye bakuli wakati wa kula. Ukizilaza ndani ya supu, asubuhi zimeinywa yote.

Mama Neema, 14:02
Sasa inagawanywaje? Nyumba ni nyingi.

Zuhura, 14:04
Ya Hamisi kwanza, ya mama ya pili. Inayobaki tutaona.

Asha, 14:06
Tutaona vipi? Sufuria imetoka kwangu na hata tone la mchuzi nisipate?

Baba Neema, 14:08
Na bata nimeoka mimi.

Fadhili, 14:09
Na mafuta ya gari yangu

Zuhura, 14:15
Mama Shani akiamka ndiyo tutajua Hamisi anachukua kiasi gani. Kabla ya hapo sigawi. Salma, una chujio la matundu madogo?

Salma, 14:16
La chai tu.

Zuhura, 14:17
Nani ana chujio kubwa?

Zuhura, 14:40
Nani ana chujio?

Idi, 15:22
Habari zenu ndugu zangu, simu ilikuwa kwenye chaji. Nakuta ujumbe mwingi. Kuna msiba?

Salma, 15:23
Hakuna msiba Baba Abdul. Ukirudi pitia ulete vyombo vyenye mifuniko, na chujio kubwa.

Idi, 15:24
Vyombo vingapi?