Mafundi pikipiki, kama injekta hamzijui semeni! Mnatumalizia hela kwa kubahatisha

Wakuu, leo nina hasira na mafundi pikipiki wa hapa Dar, mnivumilie.

Pikipiki yangu ni Honda ya injekta, yaani mafuta yanapulizwa na injekta inayoongozwa na kompyuta, haina kabureta. Taa ya njano ya injini ilianza kuwaka na kuzima inavyojisikia. Ikipata moto sailensa (muungurumo wa injini bila kuvuta mafuta) inayumba, moshi mweusi nyuma, na mafuta inakunywa kama ina ubia na sheli. Nikaipeleka kwa fundi anayesifiwa na kijiwe kizima.

Ile taa hakuitazama hata kidogo. Kafungua plagi, kaikuta imejaa masizi, kabadilisha. Ikarudi vilevile, akasema pampu ya mafuta. Nikaingia Kariakoo, nikanunua pampu. Bado. Akasema injekta imeziba, ikasafishwa. Bado! Akashika bisibisi akaanza kuzungusha ile skrubu iliyopakwa rangi kiwandani ili MTU ASIIGUSE. Amezoea kuchokonoa kabureta, basi kila kitu kwake kabureta. Mwishowe akatoa hukumu: "Bosi, kontroli boksi imekufa, tafuta laki nne. Au nikuchomolee hiyo taa isikusumbue."

Anichomolee taa! Yaani mgonjwa analia, dawa ni kumziba mdomo.

Na pikipiki hizi zinasema zenyewe zinaumwa wapi. Honda nyingi za injekta taa hiyo humulika kwa hesabu, mmuliko mrefu ni 10, mfupi ni 1. Ikimulika 7 ni sensa ya joto la injini, 8 ni sensa inayosoma kipepeo cha hewa kimefunguka kiasi gani ukivuta mafuta, 12 ni injekta, 21 ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Yangu ilikuwa inapiga 7 mchana kweupe, mbele ya macho yake. Pampu inaingiaje hapo?

Nikampelekea dogo mmoja fundi umeme wa magari, wala si mtu wa pikipiki. Akatoa mita, akachomoa soketi ya sensa, akapima ukinzani wa sensa injini ikiwa ya baridi: kilo-omu 2 na kitu. Akaiwasha ikachemka, akapima tena, zikashuka hadi omu mia chache. Ndivyo inavyotakiwa, sensa nzima kabisa. Akageukia upande wa waya. Pini ina kutu ya kijani! Maji ya presha ya kuoshea yalipenya kwenye soketi. Kutu ikaongeza ukinzani, kompyuta (hiyo hiyo kontroli boksi) ikadhani injini bado ya baridi, ikawa inamwaga petroli muda wote kama ndiyo kwanza inawashwa alfajiri. Masizi ya plagi na moshi vyote vilitoka hapo. Na pini ikicheza kidogo mawasiliano yanakatika, taa inawaka.

Akakata pini, akafunga mpya, akapaka grisi, akarudisha na ile skrubu mahali pake. Elfu kumi na tano. Taa haijawaka tena.

Mita ya kawaida ni bei rahisi kuliko hiyo pampu niliyonunulishwa, lakini kijiwe kizima hakina hata moja.

Sasa pampu yangu ya zamani, ambayo kumbe ilikuwa nzima, ilibaki kwa yule fundi wa kwanza. Nimempigia anirudishie, ananijibu bila aibu kwamba ameshamfungia mteja mwingine. Wakuu, hapa naanzia serikali ya mtaa au naenda polisi moja kwa moja?