Mahandaki ya vita vya msituni: yafukiwe au yalindwe?

Wakuu, nisaidieni. Nilikwenda kumsalimia shemeji karibu na daraja la mto Katonga, barabara ya Masaka, Uganda. Nyuma ya migomba yake kuna handaki la 1985, wakati NRA, waasi wa Museveni, ilipokabana na UNLA, jeshi la serikali, pale mtoni. Siku hizi linafika magotini tu. Kapanda magimbi ndani, maana unyevu haukauki. Sasa anataka kulifukia ajenge. Mimi nasema lilindwe kisheria. Bigo bya Mugenyi, ngome ya kale kando ya Katonga hiyo hiyo, si mahandaki pia? Zaidi ya kilomita 10, na tunayaita urithi. Ya juzi yana kosa gani?

> Urithi wa makaratasi, mkuu. Bigo iko kwenye orodha ya kusubiri ya UNESCO tangu 1997. Bado inasubiri. Mwache shemeji ajenge.

> Vijana, mimi nilivaa gwanda, niwasahihishe. Huko Luwero, kaskazini mwa Kampala, 1981 mpaka 1984, waasi hawakuwa watu wa kukaa shimoni: walipiga, wakahama. Waliochimba sana ni UNLA, kuzunguka kambi zao. Katonga ndipo pande zote mbili zilikaa zikatazamana. Basi nauliza, mtalinda handaki la nani? Kila tarehe 26 Januari tunasikia habari za walioingia Kampala. Yule kijana wa ng'ambo ya pili ya daraja, aliyechimba kwa amri kama sisi, hana wa kumtaja. Wekeni bango hapo muone litaandikwa na nani.

> Afande umenena. Lakini kwetu Luwero shimo si historia, ni watu. 1986 mafuvu ya waliouawa vitani yalipangwa kando ya barabara, wapita njia wakiyaona. Mama yangu halimi karibu na ndaki ya kwetu, yaani handaki (ndiyo, Waganda tulilichukua neno kwa askari, tukabaki nalo). Aliwahi kulima akakuta kifungo cha shati na mfupa mdogo, kama wa kidole. Alivirudisha, akafukia kwa mkono. Kabla ya kulinda au kujenga, kwanza pachimbwe ijulikane nani yumo.

Dada, hilo sikuliwaza. Nimempigia shemeji sasa hivi. Anasema serikali ikimlipa kibanja chake, hata leo atahama. Isipomlipa, lori la udongo linakuja Jumamosi. Nimemwomba anipe mpaka Ijumaa nilipime na kulipiga picha. Kakubali, ila magimbi anang'oa kesho.