Mbwa wangu kamng'ata mtoto wa jirani. Nimuue, nimuuze au nibaki naye? Naombeni ushauri

Baba Neema (Kimara)
Wakuu, habari za jioni. Nakuja kwenu sina raha kabisa. Nina mbwa dume, boerboel chotara, miaka miwili na nusu, anakaribia kilo 50. Nilimchukua mdogo baada ya wezi kuruka ukuta mara mbili. Jumamosi dada wa kazi alitoka kununua mkaa, geti dogo halikushika komeo. Mbwa akatoka, akamkuta mtoto wa jirani wa miaka tisa anapita na baiskeli, akamkamata mkono. Nimefika bado kaung'ang'ania. Nilimbana shingo mpaka akaachia. Matundu manne chini ya kiwiko.

Mtoto kasafishwa kidonda hospitali na kaanza sindano, gharama nabeba mimi. Baba yake anataka mbwa auawe, la sivyo tunakutana serikali ya mtaa. Mke wangu hataki hata kumwona. Kuna jamaa wa Bunju yuko tayari kumnunua leo hii. Mwingine kaniambia huko Ulaya mbwa hawa wamepigwa marufuku, ukali uko kwenye damu. Nifanyeje?

Mganga wa Mifugo
Pole kwa mtoto. Mkuu, wiki hii usimuue wala usimuuze. Mfungie mahali salama umwangalie siku 10 tangu alipong'ata. Mbwa ambaye mate yake tayari yana virusi vya kichaa cha mbwa hamalizi siku hizo akiwa mzima. Ataugua waziwazi na kufa. Akivuka, mtoto hakuambukizwa na yeye. Akienda Bunju, nani atakayejua? Mjulishe afisa mifugo wa kata. Mbwa akianza kutoa udenda, sauti ikibadilika au kula kukimshinda, piga simu hapohapo, usimguse. Mtoto naye asisubiri siku hizo ziishe, aendelee na sindano kama alivyopangiwa.

Na wengine mnaosoma: mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali. Msipake majani wala mafuta ya taa.

Kadi yake ya chanjo inasemaje?

Mama Wawili
Mimi mwanangu aling'atwa shavuni miaka minne iliyopita, mpaka leo akisikia mbwa anabweka anajikojolea. Kaka, kumuuza mbwa aliyeng'ata ni kumpelekea mtoto wa mwenzio balaa lako. Kama huwezi kumdhibiti, daktari amchome sindano ya kumlaza moja kwa moja, afe bila maumivu. Siyo mawe, siyo sumu.

Mbeba Boksi, Birmingham
Nikueleze ya huku. Sheria ya Uingereza ya 1991 ilitaja aina nne: pit bull, tosa wa Japani, dogo Argentino na fila Brasileiro. Watu wakaendelea kung'atwa, wengine wakafa, ndipo mwisho wa 2023 wakaongeza XL Bully. Tangu Februari 2024, England na Wales, kuwa naye bila cheti cha msamaha ni kosa. Boerboel hayumo. Ukienda Denmark, yumo tangu 2010. Mbwa yuleyule, bahari moja katikati! Kwa hiyo swali la damu usilibebe sana, ingawa mwili wa kilo 50 ni mwili wa kilo 50: akishika, haachii kirahisi, umeona mwenyewe.

Kilichonigusa ni masharti ya hicho cheti: mbwa ahasiwe, awekewe chipu ya utambulisho chini ya ngozi, awe na bima ya kulipa watu atakaowadhuru, nje avae kifunga mdomo na kamba iliyoshikwa na mtu wa miaka 16 kwenda juu, nyumbani akae asikoweza kutoroka. Na mbwa wa aina yoyote, hata kijibwa, akiwa hatari bila kudhibitiwa, mwenyewe anashtakiwa. Hayo hakuna anayekuzuia kuyafanya Kimara.

Mzee wa Banda
Nimefuga miaka mingi. Baba Neema, nijibu kweli: mchana anakaa wapi? Nani anamlisha? Amewahi kutembezwa barabarani?

Baba Neema
Mzee, nakujibu kweli. Mchana yuko bandani, usiku namfungulia. Chakula dada anakisukuma kwa fimbo chini ya mlango. Hajawahi kutembea nje. Watoto wakitoka shule hugonga bati la uzio ili abweke, na mimi nilikuwa nafurahi kwamba mtaa mzima unajua nina mbwa mkali. Chanjo ya mwisho ilikuwa mwaka juzi.

Mzee wa Banda
Basi watoto kwake ndio wale wa kugonga bati. Hajui mwingine. Umri huo kumbadilisha inawezekana kiasi, ila ni kazi ya kila siku, na yako wewe, siyo ya dada. Kama huna saa moja asubuhi, msikilize Mama Wawili.

Baba Neema
Nimewasoma wote. Wa Bunju nimemkatalia. Jana usiku nilikwenda kwa jirani na mke wangu, nikamweleza habari ya siku 10, akakubali kusubiri, lakini hakutukaribisha kukaa. Mtoto mkono umevimba, vidole anakunja. Fundi anakuja kesho kuweka geti la pili kwa ndani, lenye kujifunga lenyewe. Leo chakula nimempelekea mwenyewe. Siku ya kumi inaangukia Jumanne, afisa mifugo atakuja, na jirani nimemwomba awepo.